Maua Yalipata Majina, Nyuso Zikapotea

Mwishoni mwa Novemba 1861, msafara uliochakaa ulipanda vilima vya Karagwe na kutua karibu na kikao cha Omukama (mfalme) Rumanyika, Bweranyange. Ulikuwa umeondoka Bagamoyo Oktoba ya mwaka uliotangulia. Njiani wapagazi wengi walitoroka, mizigo iliporwa, na miezi ikaliwa na vita vya Unyanyembe kati ya wafanyabiashara wa Kiarabu na mtemi waliyemwondoa madarakani, Manua Sera. Walioongoza msafara huo walikuwa maofisa wawili wa jeshi la Waingereza huko India, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wote wakiwa na miaka 34. Speke alibeba swali moja: mto Nile unatokea wapi? Grant alibeba rangi za maji, brashi, daftari na karatasi za kukaushia mimea.

Swali la Speke limeandikiwa vitabu vingi, na jina lake hufundishwa darasani kutoka Mwanza hadi Jinja. Grant hutajwa kwa sentensi moja, mtu wa pili katika safari ya mwenzake. Lakini kwa mtu wa Kagera, mkoa ilimo Karagwe leo, hesabu ni tofauti. Ukiacha mafundi wasiojulikana walioacha michoro ya rangi nyekundu kwenye majabali ya Bwanjai, Grant ndiye mchoraji wa kwanza tunayemjua kwa jina aliyeketi katika nchi hii na kuchora watu wake na maua yake kwa brashi. Aliketi hapo karibu miezi mitano. Si kwamba alipenda kukaa. Hakuweza kutembea.

Msomaji wa Bukoba au Muleba asiione hii kuwa habari ya majirani. Kwa miongo mingi ya utawala wa Waingereza, Karagwe ilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Bukoba, na ukoo wa Abahinda uliotawala Bweranyange ulikuwa na matawi yake hadi Ihangiro na Kyamutwara. Kilichochorwa Karagwe mwaka 1862 ni sehemu ya albamu ya Buhaya yote.

Askari mwenye brashi

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 katika mji mdogo wa Nairn, kaskazini mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisoma Aberdeen, na mwaka 1846 akaingia jeshi la India. Huko alipigana vita kadhaa. Mwaka 1857, wakati wa uasi mkubwa wa askari wa Kihindi, alijeruhiwa mkono wa kulia katika mapigano ya Lucknow. Jeraha hilo halikumzuia kushika brashi wala bunduki. India ndiko alikokutana na Speke, wakawa marafiki wa kuwinda pamoja.

Enzi hizo kuchora hakukuwa anasa kwa ofisa wa jeshi. Ramani, ngome, kingo za mto na mpangilio wa kijiji vilipaswa kuletwa makao makuu vikiwa karatasini, na kamera zilikuwa bado mzigo mkubwa. Kwa hiyo Grant hakuwa msanii wa studio. Alikuwa na jicho la mtu anayetakiwa kutoa ripoti: nani amesimama wapi, amevaa nini, ameshika nini, jani limekaaje kwenye kikonyo.

Speke alipomchagua kuwa mwenzake, waligawana kazi. Speke alishika upimaji wa njia na ukusanyaji wa wanyama. Grant akapewa mimea, vipimo vya joto na mvua, na picha. Walifika Unguja Agosti 1860, na hapo Grant akapiga picha kwa kamera, zikiwemo za soko la watumwa. Kamera ya wakati ule ilitaka hema la giza, vioo na dawa zinazoharibika upesi, na kila picha ilipaswa kusafishwa palepale. Ndani ya hema hilo, kwenye joto la pwani, mtu aliweza kuzimia. Waliona kazi hiyo ingemuua Grant. Kamera ikarudishwa, na badala yake akachukua rangi za maji.

Uamuzi huo uliotokana na joto umetupa kitu ambacho kamera isingetupa. Picha za mwaka 1860 hazikuwa na rangi. Karatasi ya Grant ilikuwa nayo.

Mfalme aliyesalimu kwa Kiswahili

Rumanyika aliwapokea ameketi na ndugu yake Nnanaji, wote wawili warefu na wenye haiba, wakivuta kiko cha udongo mweusi. Omukama alivaa joho jeusi la Kiarabu, ushanga wa rangi miguuni na vikuku vya shaba vilivyofumwa kwa ustadi. Nnanaji alikuwa mganga, na mwili wake ulijaa hirizi. Speke aliandika kwamba maneno ya kwanza ya mfalme, ya ukarimu na upole, yalitoka kwa Kiswahili kizuri.

Jambo hilo halikuwa ajabu kwa wenyeji. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, mwendo mfupi kutoka ikulu, wakinunua pembe za ndovu na kuuza nguo, ushanga na waya wa shaba. Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi aliyekaa Kaze, Tabora ya leo, aliwahi kumsaidia Rumanyika dhidi ya Rogero, ndugu yake aliyegombea kiti. Kiswahili kilipanda vilima vya Karagwe pamoja na misafara, kikakaa barazani kwa mfalme kabla Mzungu yeyote hajafika.

Rumanyika alikuwa na maswali mengi. Alitaka kujua wageni wanaionaje nchi yake, kwa sababu yeye aliamini milima yake ndiyo mizuri kuliko yote duniani, na ziwa lililokuwa chini ya kilima halina mfano. Speke na Grant walilifananisha na ziwa Windermere la kwao, wakalipachika jina hilo. Ndivyo walivyozoea wasafiri wa karne ile: kilichokuwa na jina tayari kilipewa jingine.

Krismasi ilipofika, mfalme akatuma ng'ombe. Alikuwa ameambiwa kwamba siku hiyo Waingereza hula nyama ya ng'ombe, naye hakutaka mgeni wake akose desturi yake. Alituma watu wamtafutie Speke wanyama wa majini, na hivyo ndivyo nzohe, swala wa matete, alivyoingia katika vitabu vya sayansi kwa jina la Speke. Mambo kama haya yanaeleza kwa nini michoro ya Karagwe iliwezekana. Mchoraji anahitaji mwanga na karatasi, lakini kwanza anahitaji ruhusa. Rumanyika aliitoa.

Kulikuwa pia na mengi ya kuchora. Kila mwezi ulipoandama, ngoma zilipangwa safu ndefu mbele ya mfalme, naye akajitokeza amevaa taji la ushanga lenye manyoya mekundu. Wakuu wa nchi waliapa utii wao hapo. Baba yake Rumanyika, Ndagara, aliacha hazina ya vitu vya chuma na shaba: nyundo, mikuki, na ng'ombe wadogo waliofuliwa na mafundi wa nchi. Palikuwa na bendi ya mfalme, na palikuwa na enanga, ala ya nyuzi ambayo hadi karne ya 20 watambaji wa Buhaya waliitumia kuimba habari za mashujaa, na ambayo Profesa Mugyabuso Mulokozi aliitafiti kwa miaka mingi.

Mguu

Desemba 1861 Grant alianza kuhisi mguu wa kulia ukikaza juu ya goti. Ukavimba, ukawa mgumu, na homa ikamshika. Kisha usaha ukaanza kutoka kwa wingi. Hakuweza kusimama wala kulala usiku bila maumivu.

Wenyeji walimhangaikia. Nnanaji, mganga mkubwa wa nchi, aliitwa kumtibu. Zilijaribiwa dawa za kupaka na za kubandika, mojawapo ikichanganya samadi ya ng'ombe, chumvi na matope ya ziwani, ikifungwa ingali moto. Grant aliyaandika yote kwa utulivu wa mtu anayeandika juu ya mguu wa mwingine. Maandishi hayo yamekuja kuwa na thamani ambayo hakuitazamia. Madaktari wa karne ya 20 waliyasoma wakaona dalili za kidonda cha Buruli, ugonjwa wa bakteria uliopewa jina la eneo la Uganda ambako wagonjwa wengi walionekana baadaye. Maelezo ya Grant ni miongoni mwa ya zamani kabisa yanayohusishwa na ugonjwa huo, miaka 35 kabla ya daktari Albert Cook kuelezea vidonda vya aina hiyo katika hospitali ya Mengo mwaka 1897.

Tarehe 10 Januari 1862 ujumbe wa Kabaka Mutesa ulifika kumchukua Speke. Desturi ya Buganda haikuruhusu mgonjwa kuletwa mbele ya Kabaka, na Speke hakutaka kusubiri. Akaondoka kuelekea kaskazini, akavuka mto Kagera mahali palipoitwa Kitengule, ambapo leo pana daraja la kisasa kati ya Karagwe na Missenyi. Grant akabaki peke yake na watumishi wachache, ugenini, hajui kama mwenzake atarudi au kama mguu utapona.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa miezi, na jembe asingeweza kulishika. Kazi aliyoweza ilikuwa ya mikono na macho. Kwa kuwa hakuweza kuwaendea watu, watu walimwendea. Rumanyika alikuja kumjulia hali, wanawe walikuja, wapita njia walikuja kumtazama mzungu mgonjwa. Yeye akawatazama pia, na akachora.

Hapa ndipo Grant anapotofautiana na mwenzake. Speke akiwa Karagwe alichukua utepe akampima shemeji wa mfalme, mmoja wa wanawake walionenepeshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa desturi ya heshima katika jamii ya watawala. Alipima mkono, kifua, paja, akaandika tarakimu kitabuni, na wasomaji wa London wakacheka. Grant naye hakuwa huru na dharau za zama zake; katika kitabu chake zimo hukumu ambazo leo zinachukiza. Hata hivyo, anayechora uso lazima amtazame mtu kwa muda mrefu kuliko anayepima kwa utepe, na mara nyingi aliyechorwa huwa anamtazama mchoraji. Katika kutazamana huko, kwenye kibanda cha Bweranyange, palikuwa na mazungumzo ambayo tarakimu hazina.

Jinsi ua linavyoingia karatasini

Kazi ya maua ilikuwa na utaratibu wake. Mmea ulichumwa ukiwa na ua, jani na, ikiwezekana, tunda. Ulilazwa kati ya karatasi zinazonyonya maji, ukakandamizwa kwa uzito. Karatasi zilibadilishwa mara kwa mara, hasa mvua za masika zikianza, la sivyo ukungu uliuharibu mmea kabla haujakauka. Mmea uliokauka huhifadhi umbo lake, lakini rangi hufa. Njano hugeuka kahawia, zambarau hufifia. Kwa hiyo anayetaka kujua ua lilikuwa na rangi gani hana budi kuipaka au kuiandika siku ileile.

Rangi za maji zilifaa kwa hilo. Vipande vikavu vya rangi huingia katika kisanduku kinachobebeka mfukoni, havihitaji mafuta wala turubai, na karatasi hukauka kwa dakika chache. Ubaya wake ni kwamba kosa halifutiki. Brashi ikigusa karatasi, imegusa. Mchoraji wa aina hii hujifunza kuona kwanza, kisha kupaka upesi.

Grant aliongeza jambo ambalo wakusanyaji wengi wa wakati wake hawakulijali. Aliuliza. Mimea mingi aliyoikusanya ilifika Uingereza ikiwa na jina la wenyeji na matumizi yake: hii inaliwa, hii inatibu, hii hutengenezwa kamba, hii hutiwa sumu kwenye mshale. Maarifa hayo hayakuwa ya Grant. Yalikuwa ya wachungaji, waganga, wapagazi wa Kinyamwezi na waungwana wa Unguja waliokuwa katika msafara. Sehemu ya mazungumzo ilipitia kwa watu kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, akajua Kihindustani na Kiswahili, na mwaka 1876 akatambuliwa na chama cha kijiografia cha Uingereza kwa medali ya fedha. Bila ndimi hizo, Grant angekuwa na majani makavu tu.

Katikati ya Aprili 1862 Waganda walikuja kumchukua. Walimbeba juu ya machela iliyosukwa, vichwani mwa watu wanne, kwa mwendo uliomtesa mguu. Kuondoka kwake Karagwe kumechorwa katika kitabu cha Speke: mgonjwa amelazwa, wabebaji wake, na nyuma yake nchi iliyomtunza. Alifika kwa Mutesa mwisho wa Mei. Mguu ulikuwa bado haujapona sawasawa, na Julai 28 Speke alipokwenda kuuona mto ukitoka ziwani, Grant hakuwepo. Alikuwa ametangulizwa njia ya Bunyoro. Kwa hiyo ushindi mkubwa wa safari ukaandikwa kwa jina moja.

London ilivyozigeuza picha

Kitabu cha Speke kilitoka mwaka 1863, na ukurasa wake wa mbele ulikiri kwamba picha nyingi zilitokana na michoro ya Kapteni Grant. Kitabu cha Grant mwenyewe, A Walk Across Africa, kikafuata mwaka 1864. Hata hivyo, msomaji wa vitabu vya wakati ule hakuiona michoro ya Grant yenyewe. Teknolojia ya uchapaji ilitaka picha ichorwe upya juu ya kipande cha mbao, kisha ichongwe, kisha ipigwe chapa kwa wino mweusi. Kwa kitabu cha Speke kazi ya kuchora upya alipewa Johann Baptist Zwecker, msanii wa Kijerumani aliyeishi London. Zwecker alikuwa fundi hodari wa kuchora wanyama na matukio ya kusisimua, lakini hakuwapo Karagwe.

Rangi zikaondoka kwanza. Kisha miili ikapangwa upya ili ukurasa upendeze, ishara za mikono zikakuzwa, mandhari ikajazwa. Watu waliokuwa na sura zao kwenye karatasi ya Grant wakaanza kufanana. Picha ikawa ya Uingereza inayoionyesha Afrika.

Badiliko la pili lilikuwa zito zaidi. Katika kitabu hichohicho Speke aliweka sura nzima juu ya historia ya watu aliowaita Wahuma, akidai kwamba watawala wa Karagwe na falme jirani walitokana na wageni kutoka Ethiopia, watu wa aina bora kuliko wakulima waliowatawala. Hakuwa na ushahidi wa kutosha. Alikuwa na sura za watu na imani yake. Mfalme mwenye pua nyembamba akageuzwa kuwa hoja. Nadharia hiyo ilipokewa na wakoloni na wamisionari, ikaenezwa Rwanda, Burundi na Buhaya, ikagawa watu katika matabaka ya damu, na tunajua ilikofikia Rwanda katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Picha ya mtu, ikishapoteza jina la mtu, inaweza kusemeshwa lolote.

Maua yalipata bahati tofauti. Grant aliikabidhi mimea yake kwa bustani ya Kew. Mtaalamu Daniel Oliver aliichambua mmoja mmoja, na kati ya 1872 na 1875 jumuiya ya Linnean ya London ikaitolea juzuu zima la majarida yake, la 29, lenye michoro zaidi ya mia moja na maelezo ya Grant: mahali, kimo cha nchi, rangi ya ua, jina la wenyeji, kazi ya mmea. Baadhi ya mimea ikapewa jina lake. Mmojawapo, Bidens grantii, wenye ua la njano, bado unaota katika nchi za maziwa makuu. Jina lake limebaki pia kwa swala granti wa mbuga za Afrika Mashariki.

Tazama hesabu inavyokaa. Ua lililochumwa kando ya njia lina jina, mahali na tarehe, na limehifadhiwa kwenye kabati ambalo mtafiti anaweza kulifungua leo. Wengi wa watu waliokaa mbele ya Grant wamebaki na maelezo ya kabila tu.

Waliokuja baadaye

Mwaka uleule ambao Grant alikuwa amelala Bweranyange, vijana wanne walikutana katika studio moja ya Paris: Claude Monet, Auguste Renoir, Alfred Sisley na Frédéric Bazille. Baadaye walitoka nje na rangi zao, wakapaka upesi kile ambacho jicho linaona mwanga unapobadilika. Maonyesho yao ya kwanza ya pamoja yalifanyika mwaka 1874, na watu wakawaita Waimpreshonisti kwa kuwadharau. Grant hakuwajua, wala hakuwa na lengo lao. Wao walitafuta mwanga wenyewe. Yeye alitafuta usahihi. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 mafunzo ya Paris yalifika Afrika Mashariki kupitia wageni. Akseli Gallen-Kallela, mchoraji mkubwa wa Ufini aliyesoma Paris, alikaa Kenya na familia yake kuanzia 1909, akarudi na picha zaidi ya mia za watu na nchi, zenye rangi kali kuliko zote alizowahi kupaka. Karen Blixen, aliyesomea sanaa Copenhagen kabla ya kuwa mkulima wa kahawa chini ya milima ya Ngong, alichora nyuso za watu wa shambani mwake, na baadhi ya aliowachora tunawajua kwa majina.

Bukoba yenyewe, iliyoanzishwa kuwa kituo cha Wajerumani na Emin Pasha mwaka 1890, ilipata wataalamu wa mimea kabla ya kupata wachoraji. Franz Stuhlmann, mwenzake Emin, alikusanya mimea na wanyama wa eneo hilo. Mwaka 1907 msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipitia Bukoba ukielekea Rwanda, ukiwa na mtaalamu wa mimea Johannes Mildbraed, na ukiwa na kamera. Tangu hapo uso wa mtu wa Kagera uliingia Ulaya kwa picha za kamera, mara nyingi za mbele na za upande, kama za wafungwa. Brashi ilikuwa imewekwa kando.

Ilirudi kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, na kutoka huko akaja Sam Ntiro wa Kilimanjaro, aliyechora wakulima wa kwao wakiwa kazini na sherehe zao, na baadaye akawa balozi wa nchi yake London. Kwa mara ya kwanza katika masimulizi haya, mchoraji na aliyechorwa walitoka kijiji kimoja.

Deni

Grant alifariki Nairn tarehe 11 Februari 1892. Rafiki yake Speke alikufa mapema zaidi, Septemba 1864, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya mjadala wa hadhara na Richard Burton kuhusu chanzo cha Nile. Rumanyika naye alifariki miaka michache baada ya kumpokea Henry Morton Stanley mwaka 1876. Karatasi za Grant, pamoja na michoro yake ya rangi, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Mwaka 2018 jumuiya ya Hakluyt ilitoa toleo jipya la kitabu chake, lililohaririwa na mwanahistoria Roy Bridges, ambamo michoro ya awali inaweza kutazamwa bila mkono wa wachongaji wa London. Kwa wasomi wa Ulaya, mchoraji wa Karagwe amerudi.

Karagwe bado haijarudishiwa. Mwanafunzi wa Kayanga au Kamachumu hajui kwamba zipo picha za rangi za nchi yake za mwaka 1862, zilizochorwa na mtu aliyelishwa, aliyetibiwa na kubebwa na watu wa nchi hiyo. Gharama ya kulirekebisha hilo si kubwa. Nakala za kidijitali zinaweza kuombwa Edinburgh na Kew, zikawekwa katika makumbusho yaliyopo Bukoba na katika maktaba za shule na vyuo vya mkoa. Wazee wa Bweranyange wanaojua matawi ya Abahinda, kazi za ikulu, mavazi na ngoma za mwezi mwandamo wanaweza kuzisoma picha hizo kuliko msomi yeyote wa ng'ambo. Wanaojua mimea kwa Kinyambo na Kihaya wanaweza kuyapitia majina aliyoyaandika Grant, wasahihishe aliyoyasikia vibaya.

Wazee hao wanazidi kupungua. Halmashauri, walimu wa historia na vyuo vya mkoa wa Kagera waianze kazi hii sasa, na wasisubiri mradi wa mfadhili. Grant alihakikisha maua ya Karagwe yanaandikwa majina. Kuwaandika watu ni kazi yetu.